Mpira wa kabureta na karatasi ya mistari minne

Kipuri chenyewe kilikuwa kipande cha mpira mweusi, urefu wake haufiki kidole cha shahada, kinachounganisha kabureta na injini ya pikipiki yangu ya zamani. Kilikuwa kimepasuka upande wa chini, ufa mwembamba ambao huuoni mpaka uukunje mpira kwa vidole viwili. Kwa sababu ya ufa huo injini ilikuwa inavuta hewa ya pembeni: ukiachia mkono wa mafuta, mzunguko haushuki, unapanda. Nilijaribu gundi, haikukaa siku mbili. Nikaufunga kwa tepu, petroli ikaila. Mwishowe nikakubali kwamba pikipiki ya aina hii iliacha kutengenezwa miaka mingi iliyopita, na mwenye mpira mpya dukani kwake yuko nchi nyingine.

Bei aliyoniandikia ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikalipa, nikalipia na usafiri, nikaanza kuhesabu siku.

Siku kifurushi kilipofika, dereva alishuka na boksi ambalo lingetosha kuwekwa helmeti ndani yake, na karatasi ya kusaini. Karatasi ile ilikuwa na mistari minne: ushuru wa forodha, VAT, ada ya kutoa mzigo, na ada ya kunitangulizia malipo, maana kampuni ya usafirishaji ililipa forodha kwanza kwa niaba yangu, kisha ikanidai. Nilipojumlisha na nauli niliyokwisha kulipa, mpira ule ulikuwa umenigharimu zaidi ya mara tatu ya bei yake. Nikafungua boksi. Karatasi za kujazia, karatasi tena, na chini kabisa mfuko mdogo wa nailoni wenye mpira wangu.

Nimeagiza vipuri vingi tangu siku hiyo, na karatasi ile bado ninayo. Wengi tukiumia mpakani tunaulaumu ushuru, na mimi niliulaumu. Lakini nilipoisoma tena kwa utulivu niliona kwamba mstari wa ushuru ndio uliokuwa mdogo kuliko yote. Pesa yangu ilikwenda kwenye lile boksi na kwenye ada, na yote mawili yangeweza kupunguzwa kabla sijalipa, kama ningejua la kumuuliza muuzaji.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Nchi nyingi hazitozi ushuru juu ya bei ya kipuri peke yake. Zinachukua bei, zinaongeza nauli na bima mpaka mzigo unapoingia nchini, na jumla hiyo ndiyo thamani ya forodha. Wenye kazi yao wanaiita CIF. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaohusu uthamini wa forodha umeiachia kila nchi iamue kama itaingiza nauli na bima katika thamani hiyo au la. Umoja wa Ulaya unaingiza. Marekani haiingizi.

Chukua kipuri cha 60, na nauli yake pamoja na bima 40, kwa sarafu yoyote unayotumia. Thamani ya forodha ni 100. Ushuru ukiwa asilimia 10, unalipa 10. VAT nayo kwa kawaida haihesabiwi juu ya 60, wala juu ya 100, bali juu ya 110, kwa hiyo unalipa kodi hata juu ya ushuru wenyewe. Ikiwa ni asilimia 20, ni 22. Ongeza ada ya kutoa mzigo, tuseme 15. Umefika 147, na katika 87 zilizoongezeka juu ya bei, ushuru ni 10 tu.

Sasa rudi nyuma, ubadilishe kitu kimoja. Nauli badala ya 40 iwe 10. Thamani ya forodha inashuka hadi 70, ushuru 7, VAT 15.4, ada palepale 15. Jumla ni 107.4. Umepunguza nauli kwa 30, lakini mfukoni umeokoa 39.6, kwa sababu kila senti ya nauli inabeba ushuru na VAT mgongoni mwake. Hesabu hii niliifanya siku moja nyuma ya bahasha nikiwa nasubiri injini ipoe, na tangu hapo siangalii tena asilimia ya ushuru kwanza. Naangalia nauli.

Na nauli ya kitu chepesi inaamuliwa na boksi. Kampuni za vifurushi vya haraka hupima uzito wa aina mbili, ule wa mizani na ule wa ujazo, kisha zinatoza kwa ule mkubwa. Uzito wa ujazo unaupata kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha unagawa kwa 5,000. (Mizigo ya kawaida ya ndege mara nyingi hugawanywa kwa 6,000, ambayo ni afadhali kidogo.) Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20 lina ujazo wa 24,000, gawanya, unapata kilo 4.8. Ndani yake hata ukiweka manyoya, unalipia kilo 5, maana wengi wanapandisha hadi nusu kilo inayofuata. Kipuri kilekile kikiwekwa kwenye boksi la 20 kwa 15 kwa 5 kinakuwa kilo 0.3, unatozwa nusu kilo. Muuzaji hakukusudia kuniumiza. Alichukua boksi lililokuwa karibu naye. Sentensi moja tu kutoka kwangu, "tafadhali tumia bahasha yenye sponji au boksi dogo kuliko yote uliyonayo," ingebadilisha kila mstari wa ile karatasi, isipokuwa ule wa ada ya kutoa mzigo.

Ada ile haijali kipuri ni kidogo kiasi gani. Sili ya mafuta yenye uzito wa gramu chache inaweza kutozwa sawasawa na silinda hedi nzima, kwa sababu kazi ya makaratasi ni ileile: tamko moja, ankara moja, mtu mmoja wa kuijaza. Kwa mwenye kuagiza kontena, ada ya namna hiyo ni tone. Kwa mwenye kuagiza oringi mbili, zile pete ndogo za mpira, ni mzigo mzima. Hapo ndipo ninapoumia kwa kweli, na si kwa ajili yangu peke yangu. Nimeona pampu nzuri ikitupwa kwa kukosa sili, na cherehani ya chuma iliyoshonea familia vizazi viwili ikiuzwa kwa kilo kwa sababu ya gia moja ya plastiki. Mwenyewe alikuwa tayari kuitengeneza. Fundi alikuwepo. Kipuri kilikuwepo pia, ila upande wa pili wa mpaka, na gharama ya kukivusha ilikuwa imekipita kipuri chenyewe mbali sana. Sioni kama mtunga sheria yeyote aliikusudia hali hiyo. Lakini ndiyo inayowapata watu wanaotengeneza vitu.

Njia moja ya kuipunguza makali ada hiyo ni kuagiza pamoja. Nyingine ni posta. Posta kwa kawaida hutoza ada ndogo kuliko kampuni za haraka, na inakwenda polepole, hilo kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni ile karatasi ndogo inayobandikwa juu ya kifurushi, CN22, au CN23 kwa mizigo yenye thamani kubwa zaidi. Fomu hizo ni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 kule Bern, na zinafanana karibu dunia nzima: ni kitu gani, vingapi, uzito, thamani. Siku hizi taarifa hizo hutumwa pia kwa mtandao kabla ya mzigo wenyewe. Muuzaji akiandika "parts" na kunyamaza, ofisa wa forodha upande wa pili hana la kufanya ila kukiweka kifurushi pembeni.

Hilo liliwahi kunikuta. Siku 19 kifurushi kilikaa ghalani kwa sababu ya neno moja. Niliulizwa: spea za nini, za chuma au za plastiki, za kiungo gani? Na muuzaji alikuwa anajua majibu yote tangu siku ya kwanza.

Majibu hayo yana uzito kwa sababu ya HS, mfumo wa pamoja wa kuainisha bidhaa kwa namba, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na leo zaidi ya nchi na maeneo 200 yanautumia. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kila mahali. Zinazofuata kila nchi inajiongezea, na kiwango cha ushuru kila nchi inajipangia. Spea za magari zina nyumba yake, 8708. Za pikipiki na baiskeli ziko 8714. Ukiishia hapo utadhani kazi ni nyepesi, kwamba spea ya pikipiki ni spea ya pikipiki.

Sivyo. Mfumo huo una maelezo yanayotangulia baadhi ya sehemu zake, na maelezo hayo ndiyo yenye nguvu. Sehemu ya vyombo vya usafiri inasema wazi kwamba baadhi ya vitu havihesabiwi kuwa spea za chombo hata kama vimetengenezwa kwa ajili yake. Beringi inakwenda 8482, iwe ya gari, ya feni au ya mashine ya kufulia. Bolti na nati za chuma zinakwenda 7318. Gasketi na washa zinafuata malighafi zilizotengenezewa, na vifaa vya mpira laini vinakwenda 4016. Kwa hiyo mpira wangu wa kabureta, ambao ni mpira mtupu bila kipande cha chuma, haukupaswa kuandikwa kama spea ya pikipiki. Wakala aliyejaza tamko aliona neno "pikipiki" kwenye ankara, akaenda moja kwa moja 8714. Tofauti ya viwango kati ya namba hizo mbili inategemea nchi. Pengine ni kubwa, pengine haipo kabisa. Lakini ukiijua namba mapema, ukamwomba muuzaji aiandike kwenye ankara pamoja na maelezo kama "mpira wa kuunganisha kabureta, mpira laini, bila chuma," wakala hana haja ya kubahatisha.

Jambo jingine ambalo ankara inapaswa kulisema ni nchi kilikotengenezwa kipuri. Ushuru unafuata asili ya bidhaa, haufuati mahali ilipotumwa. Nchi yako inaweza kuwa na mkataba wa biashara huria na nchi ya muuzaji, ukashangilia, kumbe kipuri kimetengenezwa kwingine na pale kilipita tu dukani. Na hata kikiwa kimetengenezwa palepale, unafuu haukujii wenyewe. Unataka tamko au cheti cha asili.

Sasa niseme kuhusu zawadi. Wauzaji wengi wenye moyo mzuri watakuambia, "Niandike zawadi, thamani ndogo, usisumbuliwe." Nilikubali mara moja. Kilikuwa kipuri cha bei kubwa kuliko vyote nilivyowahi kuagiza, bodi ya kielektroniki ya kuwashia injini. Ilifika imevunjika pembe, boksi limekandamizwa. Nilidai fidia, nikaulizwa thamani iliyotamkwa. Fidia ilifuata karatasi, na karatasi ilisema kiasi kisichofika hata nauli. Hata bila ajali hiyo, tamko lile lilikuwa la uongo, nami nililikubali kwa hiari yangu, na leo silifanyi wala simshauri mtu. Forodha wana haki ya kuitilia shaka thamani na kuomba uthibitisho wa malipo. Wakikuta haulingani na ankara, ushuru uliotaka kuukwepa unakuwa kitu kidogo mbele ya adhabu.

Kipuri cha waranti nacho kinawachanganya wengi. Muuzaji anakutumia kingine bure badala ya kilichoharibika, anaandika thamani sifuri, na wote wawili mnaamini hakuna cha kulipa. Kwa forodha, kitu kisicho na bei bado kina thamani. Pasipokuwa na mauzo, mkataba ule wa uthamini unaelekeza kutazama bei ya bidhaa kama hiyohiyo, au inayofanana nayo. Kuna nchi zenye utaratibu wa msamaha kwa vipuri vya waranti na kwa vitu vinavyotoka kwenda kutengenezwa kisha kurudi, lakini taratibu hizo zinaombwa kabla kitu hakijavuka. Kikisharudi bila karatasi ya kutokea, kinahesabika kipya.

Miaka ya karibuni mambo yamebadilika haraka, na mazoea ya zamani yanawaponza watu. Nchi nyingi zilikuwa na kiwango cha msamaha, kwamba kifurushi kisichozidi thamani fulani kinapita bila kulipiwa. Viwango hivyo vinaondolewa kimojakimoja. Australia ilianza kutoza kodi yake ya bidhaa na huduma kwa vifurushi vya thamani ndogo tarehe 1 Julai 2018. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT kwa bidhaa zisizozidi euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Marekani, iliyokuwa imepandisha kiwango chake kutoka dola 200 hadi 800 mwaka 2016, ilikisimamisha kwa mizigo ya nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikaacha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko kwa sababu hazikuwa na utaratibu wa kukusanya ushuru huo. Naelewa sababu: wafanyabiashara wa ndani wanalipa kodi ambayo vifurushi havikulipa. Lakini msamaha ulipoondoka, sili ya fundi iliondoka pamoja na mizigo ya maduka makubwa ya mtandaoni, na mimi ningependa sana kuona siku moja vipuri vya kutengenezea vikitazamwa kivyake.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza kwa muuzaji ni kama bei yake ni DAP au DDP. Haya ni masharti ya kuuziana na kusafirishiana bidhaa yaitwayo Incoterms, yanayotolewa na Chama cha Biashara cha Kimataifa tangu 1936. Toleo la sasa ni la 2020. DAP, muuzaji anakufikishia mzigo lakini ushuru na kodi za kuingiza ni zako. DDP, anabeba yeye yote, na wewe hudaiwi mlangoni. DDP inaonekana ghali pale unapolipa, na mara nyingi kwa kipuri kidogo ndiyo inayotoka nafuu, kwa sababu muuzaji anayetuma mamia ya vifurushi ana makubaliano ya ada ambayo mimi sina. Muombe akuandikie kwamba VAT imo ndani. Wapo wanaosema DDP wakimaanisha ushuru tu.

Swali la pili najiuliza mwenyewe, na ndilo lililoniokolea pesa kuliko maswali yote: je, lazima kitu hiki kivuke mpaka? Kipuri kikitoka kwenye kasha la kampuni iliyotengeneza chombo, kina namba ndefu ya kampuni hiyo, nawe unadhani hakipatikani penginepo. Kisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukielekeze kwenye mwanga. Beringi ya gurudumu langu la mbele ilikuwa imechongwa ukingoni 6204-2RS. Hiyo ni saizi ya kawaida ya dunia nzima: tundu milimita 20, upana wa nje 47, unene 14, na mipira ya kuzuia vumbi pande zote mbili. Beringi hiyohiyo inazunguka kwenye mota za umeme na mashine nyingi tu, na muuza beringi yeyote ataijua kwa namba. Ukikuta imeandikwa C3 mwishoni mwa namba, usiipuuze. Maana yake nafasi ya ndani ya golori ni kubwa kuliko kawaida, na iliwekwa hivyo kwa sababu ya joto au jinsi inavyobanwa. Sili za mafuta nazo huandikwa vipimo vitatu usoni, tundu, upana wa nje na unene. Herufi zikiwa zimefutika, pima kwa kalipa. Kati ya vitu tisa nilivyokuwa nimeviandika kuagiza mwaka mmoja, vitano nilivipata bila kuvuka popote.

Vinne vilivyobaki vilikuwa vya pikipiki hii peke yake, na mpira wa kabureta mmojawapo, kwa sababu jamaa watatu wenye pikipiki kama yangu walikuwa na ufa uleule. Mmoja alikuwa ameshaitoa yake tairi, akisubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Tukaagiza kwa pamoja, ankara moja. Nilimwandikia muuzaji kila kitu: majina ya vipuri moja baada ya jingine na malighafi yake, namba za HS za tarakimu sita, nchi vilikotengenezwa, bei kamili tuliyolipa, bahasha yenye sponji, na DDP pamoja na VAT. Alijibu kwa picha: bahasha juu ya mizani, na rula imelazwa pembeni yake.

Ilipita forodha siku ileile ilipotua. Dereva hakuwa na karatasi ya kudai. Jioni tulikusanyika kwa yule wa chuma chakavu, tukarudisha tairi, tukabana klipu mbili za mpira mpya, tukavuta choki. Iliwaka mara ya nne. Tukaiacha ipate joto, kisha akaukamata mkono wa mafuta, akauzungusha hadi nusu, akauachia. Mzunguko ukashuka, ukatulia palepale unapotakiwa kutulia. Akauzungusha tena, akauachia tena.